Tarehe kwenye pakiti ya chumvi

Mwezi wa tisa mwaka 2024 nilichukua kalamu ya mwanangu ya shule nikaandika tarehe juu ya pakiti ya chumvi ya nusu kilo, nikairudisha kabatini. Ndo kitu cha kwanza nilichofanya kwa ajili ya moyo wangu na mpaka leo naona ndo kilichonifungua macho kuliko vyote, kwa hiyo naanza nacho hapa hapa maana najua wengine mtasoma mistari michache afu mtaondoka, basi angalau mwondoke na hiki.

Nyumbani tunakula watu sita. Ile pakiti iliisha siku ya tisa. Kabla ya hapo sikuwahi kujua chumvi inakaa siku ngapi, ikiisha unamtuma mtoto dukani analeta nyingine, nani anahesabu chumvi jamani. Ila muuguzi aliyenipima presha alikuwa kaniambia kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku, ni kama kijiko kimoja cha chai hivi, na hapo ni chumvi yote, ya kwenye mboga, ya kwenye mkate, ya kwenye samaki, sio ile ya kunyunyiza mezani peke yake, na watoto inatakiwa iwe chini ya hapo. Nikafungua kikokotoo kwenye simu, gramu 500 gawanya kwa watu sita, gawanya kwa siku tisa, ikaja gramu 9 na kitu. Nikarudia nikidhani nimekosea kubonyeza. Gramu 9 kwa kila mtu, na wawili kati yetu ni watoto wa msingi, na hapo sijaweka mkate wa asubuhi wala kile kiungo cha unga cha kwenye pakiti ambacho nilikuwa namwagia kila mboga, nacho ukisoma nyuma kitu cha kwanza kimeandikwa ni chumvi.

Kwa watu sita, nusu kilo ilitakiwa inifikishe siku 16 na zaidi. Fanya hesabu ya kwako. Huhitaji mashine wala hela, unahitaji kalamu.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwanini nilienda kupima.

Mie nauza dagaa, mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, miaka mingi. Zamani nilikuwa naanika mwenyewe, nageuza, nakung'uta mchanga, nabeba. Baadae biashara ikakua nikapata wasichana wa kunisaidia nikawa mtu wa kukaa kwenye kigoda na daftari. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuvua miezi mitatu, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wazaliane. Ni jambo la maana, samaki walikuwa wanapungua kila mtu anaona, na sina ugomvi nalo. Shida ilikuwa yangu, nilikuwa nimeshachukua mkopo kabla sijajipanga, na sio mmoja, kulikuwa na wa kikoba na kulikuwa na mwingine wa zile hela za haraka haraka ambazo watu wenyewe wanaziita kausha damu, marejesho kila wiki, ziwa lifunguliwe lisifunguliwe wao wanataka chao. Nilikuwa silali. Saa 8 usiku nimekaa kitandani naangalia dari, baba watoto anakoroma pembeni hajui kitu maana sikumwambia. Shingo kwa nyuma inakaza, nikawa nasema ni ndoo za maji.

Mwezi wa saba kaka yangu mkubwa akaanguka.

Yeye ni seremala, anaishi Mwandiga, miaka 54, mtu wa nguvu, haumwi. Walikuwa wanakula mchana, wifi anasema kijiko kilimtoka mkononi akakiokota, kikamtoka tena, akakiangalia kama kitu cha mtu mwingine. Afu akataka kusema neno likatoka limeviringika, na mdomo upande wa kulia umeshuka. Watu wakajaa. Wakasema ni upepo, kapitiwa na upepo mbaya, na mimi nisiwadanganye, nilivyopigiwa simu nami niliwaza hivyo hivyo maana ndo tulivyokua tukisikia. Akapelekwa kwa mtaalamu wa asili, akafukizwa, akachanjwa, siku mbili zikapita ndo akafikishwa hospitali. Presha yake ilikuwa juu ya 200. Ilikuwa kiharusi, damu ilikuwa haifiki upande mmoja wa ubongo, na kila saa inayopita pale kuna sehemu ya ubongo inakufa haitarudi. Siku mbili nzima.

Hilo nitalisema kwa herufi zote mnisikie: mdomo ukienda upande ghafla, mkono au mguu wa upande mmoja ukikosa nguvu ghafla, maneno yakaviringika ghafla, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo, kwa bajaji, kwa bodaboda, kwa kubebwa, dua mtamsomea njiani. Na kifua kikibana kama kimekaliwa na jiwe, maumivu yanaenda begani au taya, jasho la baridi, pumzi hazitoshi, ni hivyo hivyo, usiseme ni gesi ukalala.

Kaka alikuwa na presha hajui. Miaka mingapi hatujui. Presha haiumi, na hapo ndo penyewe, sisi tumezoea mwili ukiumwa unasema, malaria inasema, jino linasema, huyu hasemi. Mshipa unasukumwa kila siku kwa nguvu zaidi ya uwezo wake na moyo unafanya kazi mara mbili, unanenepa kama msuli wa mbeba mizigo, na wewe unakula unacheka unaenda harusini.

Basi nikaogopa. Nikaenda kupima. Mara ya kwanza kwenye duka moja la dawa, nimesimama, nimetoka kupanda mlima, mkoba begani, na ninaongea na simu, akanitajia namba sikuelewa akasema "ipo juu kidogo mama, punguza mawazo." Basi. Mara ya pili nikaenda kituo cha afya, nikakuta binti mmoja muuguzi, Mungu ambariki, akaniambia, "Mama umekuja kwa mguu? Kaa kwanza." Nikakaa dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini isipishane, mkono juu ya meza usawa wa moyo, akaniuliza kama nimekunywa kahawa muda sio mrefu na kama nimeenda haja ndogo. 172 kwa 104. Akarudia, 170. Akaniambia rudi kesho kutwa, nikarudi, 168 kwa 102. Ndo akanielezea kwamba namba ya juu ni pale moyo unapobana kusukuma damu, ya chini ni pale unapopumzika, na ikiwa siku tofauti tofauti inakuja 140 kwa 90 au zaidi basi hiyo ni presha, sio hasira za siku moja.

Daktari akanipa kidonge cha amlodipini kimoja kila siku. Akasema na chakula, na mazoezi, na usingizi. Nikamuuliza kipi nianze nacho, akasema anza na jiko.

Sasa ngoja niongee kuhusu jiko letu la Kigoma maana huku mtandaoni ukitafuta chakula cha moyo unaletewa mafuta ya zeituni na samaki wa salmoni, unafunga simu unaona hii habari sio ya kwako. Wakati tumekaa juu ya chakula cha moyo! Dagaa wetu wakianikwa vizuri juani bila chumvi ni samaki mzima mwenye mafuta mazuri, unamla na mifupa yake. Maharage, Kasulu na Kibondo yanalimwa mpaka yanalisha mikoa mingine. Lengalenga, yaani mchicha. Sombe, yaani kisamvu. Parachichi msimu wake zinaoza chini. Ndizi. Embe za Ujiji. Hivi vyote vina madini ya potasiamu ambayo yanausaidia mwili kuitoa chumvi, na vile vya shambani vina nyuzi nyuzi zinazopunguza lehemu (kolesteroli) ile mbaya. Kilichoharibika ni mkono.

Mkono wangu wa chumvi niliurithi. Bibi yangu alikuwa anasifiwa mpishi, na sifa yenyewe ilikuwa chumvi imekolea. Na huku chumvi ni fahari, Uvinza ni kwetu, watu walikuwa wanachota maji ya chumvi chemchemi za Uvinza na kuyachemsha na kuuza mbali kabla hata Wajerumani hawajafika, misafara ilipita pale kuchukua chumvi. Kwa hiyo ugeni ukija unakoleza. Embe bichi tunachovya kwenye chumvi na pilipili, mie peke yangu naweza kumaliza kisahani cha chumvi nimekaa kibarazani naongea. Chumvi ukila nyingi mwili unashikilia maji ili kuizimua, maji yakizidi kwenye damu, damu inakuwa nyingi ndani ya mishipa ile ile, ndo presha inapanda. Nilivyoelezwa hivyo nikaelewa mpaka kwanini nikila samaki wa chumvi usiku nakunywa maji kama mtungi.

Nilichofanya sio kuacha. Chumvi yenye madini joto tunaihitaji, bila hayo madini joto ndo mambo ya tezi shingoni. Nilianza kupima kwa kijiko badala ya kiganja, nikaweka chumvi mwisho wa kupika, sufuria ikishaipuliwa, maana ukiweka mapema inazama ndani ya chakula na ulimi hauisikii unaongeza tena. Kile kiungo cha unga nimekiacha kabisa, naweka kitunguu kingi, tangawizi, ndimu, pilipili mbuzi. Samaki wa chumvi nawaloweka maji ya moto namwaga, naloweka tena. Wiki mbili za kwanza nyumba nzima ilinuna, baba watoto alikuwa anaenda kabatini kimya kimya, nikamwacha. Wiki ya tatu nne hivi ulimi ukazoea, sasa akila harusini anarudi anasema wale watu wameunguza mboga kwa chumvi. Pakiti ya pili ilikaa siku 12. Sasa hivi inakaa siku 19.

Mawese. Najua mnasubiri mawese.

Sitasema uache mawese, na mtu asikudanganye kwamba mawese ni sumu wala asikudanganye kwamba kwa kuwa ni ya asili basi kunywa. Ule wekundu wake mwili unautumia kutengeneza vitamini A, inamsaidia mtoto macho. Lakini nusu hivi ya mafuta yaliyomo ni yale ya aina ya kuganda. Nenda jikoni asubuhi ya mwezi wa sita kukiwa na kibaridi uangalie chupa, chini kumeganda rangi ya chungwa imekolea, juu kunaelea mafuta mepesi. Yale ya chini ndo nayasema. Hayagandi hivyo ndani ya mshipa, mwili una joto, nimewasikia watu wengi wanaelezea hivyo na sio kweli, ila yakiwa mengi yanafanya lehemu mbaya ibaki nyingi kwenye damu, na hiyo ndo inajishika kwenye kuta za mishipa taratibu miaka na miaka mpaka njia inakuwa nyembamba. Kwa hiyo mie nimegawa, sombe bila mawese kwangu sio sombe, inabaki na mawese yake kwa kijiko, sio kwa kumimina mpaka yaelee. Mboga nyingine za kila siku natumia alizeti, nayo kidogo. Na ile tabia ya kuyachoma mawese mpaka yafuke moshi yapoteze wekundu nimeacha, maana unaichoma vitamini yote unabaki na yale mafuta mengine tu. Mafuta ya kukaangia nikishakaangia samaki siyatunzi ya kesho na keshokutwa.

Soda nimepunguza mpaka siku ya sherehe. Sigara sivuti ila kama unavuta hapo ndo pa kuanzia, kabla ya chumvi, kabla ya kila kitu.

Mazoezi sasa. Nilidhani mtu wa mwaloni hahitaji mazoezi, mbona nashinda juani, mbona nachoka. Kuchoka na kusogea ni vitu viwili, mie nilikuwa nashinda kwenye kigoda. Wanaposema dakika 150 kwa wiki inatisha ila ukigawa ni nusu saa siku tano, na sio lazima kukimbia. Nilianza hivi, bajaji inanishusha stesheni, nauli ya kupanda mpaka Mwanga, kule juu mjini, nabaki nayo, napanda barabara ya Lumumba kwa mguu chini ya ile miembe. Siku ya kwanza nilisimama mara nne. Mara ya pili nilisimama karibu na mama mmoja anauza karanga, nikashika mti, moyo unapiga mpaka masikioni, akanipa kiti akasema, "Pole dada, mlima huu hauna haraka." Nikakaa, nikanunua karanga za kuchemsha, nikaendelea. Muuguzi aliniambia kipimo cha mwendo ni mdomo, ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba hapo ndo penyewe, ukiweza kuimba unatembea kama unasubiri harusi, na ukishindwa hata kuongea punguza. Sasa napanda bila kusimama na kiti cha yule mama nakaa kwa salamu tu. Kama una presha ya juu sana au kifua kinabana ukitembea, muone daktari kabla hujaanza kupanda vilima, hilo usilipite.

Ila niwaambie ukweli, chumvi na mlima vilikuwa rahisi. Kigumu kilikuwa ile saa 8 usiku.

Watu wanasema "punguza mawazo" kama vile mawazo ni mizigo ya kichwani unaishusha. Deni haliondoki kwa kuambiwa hivyo. Ukiwa na hofu mwili unamwaga adrenalini, moyo unakimbia, mishipa inabana, ni maandalizi ya kukimbia simba, na simba akiondoka inatulia. Mwenye marejesho kila Ijumaa simba wake haondoki. Afu hofu inakuharibia na vingine vyote, hulali, unakula ovyo usiku, unasahau dawa, hutembei.

Nilichofanya nilimwambia baba watoto. Ilinichukua wiki nzima kupata ujasiri. Nilisubiri watoto walale nikaweka daftari mezani nikamwonyesha kila deni, jina na kiasi. Alikaa kimya muda mrefu sana, kuku mmoja akalia nje, afu akasema, "Kwa hiyo miezi yote hii ulikuwa peke yako humo ndani?" Nililia. Hakunifokea. Kesho yake tukaenda wote kwa wenzangu wa kikoba tukaomba marejesho yasogezwe, wakakubali kwa riba ile ile, wengine na wao walikuwa hawalali kumbe, na ile kausha damu tukauza pikipiki ya nyumbani tukaifunga. Pikipiki iliniuma. Lakini usiku ule nililala mpaka nikaikosa adhana ya alfajiri, mara ya kwanza tangu mwezi wa tano.

Siku hizi simu naiweka sebuleni saa 4 usiku. Baada ya isha nakaa nje kidogo na tasbihi yangu, na kama mwezi haupo unaona karabai ziwani zimejipanga mpaka upande wa Kongo unadhani kuna mji kule. Zile wiki ziwa limefungwa palikuwa giza tupu, lile giza mie lilikuwa linanitia hofu. Sasa nikiona taa napumua taratibu, navuta ndani, natoa kwa muda mrefu zaidi, mara kumi hivi, na mapigo yanashuka kweli, jaribu ukiwa umeshika mkono wako hapo kwenye mshipa.

Dawa nayo niseme. Mwezi wa pili wa kidonge miguu ilivimba kwenye vifundo, nikaacha mwenyewe, na najisikia vizuri tu, wiki tatu. Nilivyopima 165. Yule muuguzi hakunigombeza, alinipeleka kwa daktari, daktari akasema hiyo dawa kuna watu inawavimbisha miguu, ungesema tu, akanibadilishia losartani na miguu ikarudi. Kwa hiyo ukiona kitu sema, usiache kimya kimya, na usiache kwa sababu namba imekuwa nzuri, namba ni nzuri kwa sababu unameza. Kitunguu saumu kula, ni chakula kizuri, ila kisichukue nafasi ya kidonge. Juzi nilikuwa 132 kwa 84.

Kaka anatembea kwa fimbo. Mkono wa kulia haujarudi. Kwetu Waha salamu ni kwa makofi, unainama kidogo unapiga makofi taratibu, mwakeye, mwakeye, na yeye mwanzoni alikuwa akiona mtu anakuja anageuza uso kwa sababu hawezi kupiga. Sasa anapigia paja, mkono wa kushoto juu ya paja, pa, pa, pa, anakusalimia mpaka mwisho. Maneno yamerudi karibu yote.

Jumapili nilikuwa kwake Mwandiga. Nikaenda jikoni kumsaidia wifi kupakua, nikanyoosha mkono kuchukua chumvi juu ya rafu, nikakuta kwenye pakiti pameandikwa tarehe kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa wifi, na chini yake "iliyopita siku 11, tuongeze siku". Sikumwambia kitu. Nilirudisha pakiti nikachukua ndimu.